Nyumba Yangu Imeitiwa Dalali

Kwa mdogo wangu LaVonne,

Pokea salamu zangu. Mama alitufundisha kwamba hata ukija umebeba shoka, salimia kwanza, kwa hiyo nasalimu. Hujambo? Goti linaendeleaje? Theluji mmeirundika mpaka madirishani, au mwaka huu imewaonea huruma? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, mgongo hauniumi. Nayasema haya mapema ili usije ukawaambia watu kwamba barua hii niliiandika nikiwa na homa.

Nakuandikia habari za nyumba. Namaanisha ya Baba na Mama, ambayo Baba aliniachia mimi kwa sababu ndiye niliyebaki kuwalisha na kuwaogesha wote wawili. Ndiyo hiyo ambayo kila majira ya baridi nakukabidhi ufunguo wake, uende ukafungue mabomba yasigande na kuhakikisha jiko la mafuta halijazimika. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu utalia, na wewe ukilia mimi hulegea, tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa. Karatasi haisikii kilio. Basi kaa kitako, mimina kahawa, usome mpaka mwisho bila kurukaruka.

Safari ya kuteremka kusini ilikuwa njema. Unamjua shemeji yako Lowell akishika usukani wa nyumba yetu ya magurudumu: habanduki, hapishi mtu, na kazi yangu mimi ni kumimina kahawa na kunyamaza. Malori ya ngano nimeyaendesha kila mavuno tangu usichana wangu, na Baba alikuwa akinisifu mbele ya wanaume, lakini kwenye hilo gari mume wangu hanigusishi hata swichi ya taa. Haya, tumeshazoeana. Mwaka huu tu alinizidishia mahaba mpaka nikatia shaka. Tulipotoka uani alisimamisha gari barabarani akaniambia nigeuke niitazame nyumba, eti imependeza na theluji yake. Nikamuuliza kama amelewa asubuhi yote ile, nyumba naiona kila siku ya Mungu, twende zetu kabla upepo haujaanza. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, kisha akaondoa gari. Kule Wyoming akaninunulia pai bila kuombwa. Mwanamume wa miaka sabini na nne akikununulia pai bila kuombwa, LaVonne, jua kuna jambo. Mimi nikala.

Pale Heron Bend, kambi yetu ya majira ya baridi, tulipewa nafasi yetu ileile ya ukingoni mwa mto, na Lowell akaegesha kama anavyopenda, uso wa gari ukielekea majini ili tunywe kahawa huku tukitazama Mto Kolorado kwenye kioo cha mbele. Punda mwitu walikuwepo, wanashuka mlimani kuja kunywa maji na kuiba matufaha ya watu. Jua lilikuwa lile unalolijua, linalokukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Jirani yetu Jeanette Kuiper wa Iowa alikuwa ameshafika na kigari chake cha gofu, akaja mbio kunikumbatia, akanishika mashavu, akasema nimekuwa mwanamke jasiri na anajivunia kuwa jirani yangu. Nikadhani anasema habari ya barabara za Wyoming. Nikamwambia hata hazikuwa na barafu nyingi.

Ulikuja mara moja tu, lakini utakumbuka kawaida ya pale. Saa kumi ya jioni kila mtu anabeba kiti chake na kikombe chake, tunakaa duara chini ya miti, na marufuku ni mbili: siasa na magonjwa. Na kila familia ina kibao chake cha mbao, jina la ukoo na mji ilikotoka, kinatundikwa kwenye nguzo siku ya kufika. Hata mtu asipokukumbuka jina, anakumbuka mji wako. Mimi pale ni Ardis wa Nordby. Basi siku ya pili nikatoka na ufagio, nikakuta Lowell ametundika kibao kipya, kizuri, amekichonga mwenyewe wakati wa kiangazi bila kuniambia. BREKKE, basi. Nordby hamna, Dakota hamna. Nikamuuliza mji wetu umekwenda wapi. Akasema eti ubao ulikuwa mfupi.

Niliyameza hayo. Wiki iliyofuata akaanza kupiga misumari, akajenga baraza ya mbao mbele ya mlango, yenye ngazi na mahali pa kushikia. Nikamwuliza baraza hiyo tutaivunja Aprili au tutaibeba kichwani. Akasema tutaona. Halafu akapanda mlimau. Ardhini, LaVonne! Watu wote wa kambini hupanda kwenye ndoo, maana wakati wa kuondoka unaingia na ndoo yako. Anayepanda ardhini ni yule asiyerudi kwao, aliyeuza kila kitu huko alikotoka na kuhamia barabarani moja kwa moja, na watu wa namna hiyo pale wanaheshimiwa kama maaskari waliorudi vitani. Wanapigiwa makofi kwenye duara. Jioni ile nilipokaa na kikombe changu, mzee mmoja akainua chake, akasema kwa afya ya Ardis, na wote wakainua. Nikacheka nikainua na mimi. Mjinga mkubwa, napongezwa sijui kwa lipi, na nasema asante!

Jumapili nilikuwa nakupigia wewe. Unakumbuka ulivyokuwa ukinijibu? Ulisema, dada, nyumba imetulia, mabomba nimeyafungua, kila kitu kiko mahali pake, wewe ota jua lako. Kila Jumapili hivyohivyo. Nikawa naikata simu na moyo wangu umetua.

Sasa nikuambie kosa lako, maana lilikuwa moja tu, na ni kosa ambalo mtu wa mjini hangelifanya kwa sababu hangejua hata kwamba lipo. Ulimwita dalali, ukampa ufunguo, ukapanga siku, ukapanga banda la matrekta lifagiliwe vitu viwekwe humo. Vyote ulivipanga kimyakimya. Lakini wewe ni binti wa Nordby hata ufanye nini, na mnada bila pai na kahawa ya akina mama wa kanisa kwako haujakamilika. Ukaenda kuwaomba wapike. Na ulipowaomba, hivi ulitegemea nini? Marlys Aasen aanze kukanda unga kwa mnada wa Ardis bila kumuuliza Ardis anataka pai za aina gani?

Alinipigia saa kumi na robo, niko kwenye duara, Jeanette upande wangu wa kulia, Lowell upande wa pili anabangua karanga. Marlys akanisalimu vizuri, akauliza habari za jua, akasema hataki kunichosha ila wamekaa kamati na wanabishana. Wengine wanasema watu watakuwa wengi kwa hiyo zipikwe pai za tufaha tu, wengine wanataka na za malenge. Mimi nikiwa mwenye shughuli, napenda zipi? Nikamuuliza shughuli gani. Akasema ya Jumamosi ya wiki ijayo, mpenzi, mnada wako. Na kitu kingine, akasema, lile birika langu kubwa la kahawa litauzwa mwanzoni au mwishoni? Kama ni mwishoni wangeomba kulitumia kwanza, la kanisa linavuja.

Nikamwambia Marlys, pika za tufaha. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mtu akikupiga kofi la ghafla unaweza hata kumwomba radhi. Yeye akaendelea kunisifu, eti nimefanya busara kumwachia nyumba mtoto wa nyumbani, na kwamba Brent mwanao ameshapaka rangi jikoni na mapazia mapya yamependeza, wanaona taa zake wakipita barabarani. Na kwamba ulimwita yeye Marlys akusaidie kubandika namba kwenye sahani za Mama, akaona umeliweka kando lile sanduku lililochorwa maua alilokuja nalo bibi kutoka Norwei, umeliandika jina lako.

Nilipokata simu duara lote lilikuwa limenigeukia. Jeanette akanishika mkono akauliza kama ni habari mbaya. Nikamwuliza yeye, mbele ya watu, alijua nini. Maskini, akageuka rangi. Akasema wote wanajua, Lowell aliwaambia tangu Novemba kwamba tumeuza kila kitu na tunahamia moja kwa moja, ila nisiulizwe juu ya nyumba kwa sababu bado naililia. Wakaona ni ugonjwa wa moyo, na magonjwa hayasemwi pale. Wamenitunzia siri yangu mwenyewe miezi mitatu, kwa wema mtupu. Siwalaumu. Nilitamani ardhi ipasuke lakini siwalaumu.

Lowell nilimkuta ukingoni, ameacha karanga zake, anajifanya anatazama ndege. Nikamwambia, we mzee, nyumba yangu iko wapi. Akaanza kuzunguka, mara mgongo wangu, mara theluji, mara yeye nusura adondoke paani akitoa barafu na mimi sikujua. Nikamwambia sikuulizi theluji, nakuuliza nyumba. Ndipo akatoa yote. Ile hati ya uwakili niliyotia saini vuli, eti ikitokea mmoja wetu kaugua mbali na nyumbani, ndiyo aliyoitumia kumwachia Brent nyumba na kuvitia vitu mnadani. Akalia. Akasema asingeweza baridi nyingine, angekufa kule, na kuniambia pia asingeweza. Alisema siku ile aliponisimamishia gari barabarani alikuwa ananipa nafasi ya kuiaga. Kuiaga! Nikiwa nimeshika chupa ya kahawa na namwambia tuwahi upepo! Nilimtukana, LaVonne, nilimtukana kwa maneno ya Baba ya kumfukuzia fahali, na punda mwitu watatu waliokuwa wanakunywa maji wakakimbia.

Na nilipokwisha kutukana nikamuuliza, kwa nini hukuniuliza tu? Tumeishi pamoja miaka yote hii, nimewahi kukung'ata? Akajifuta pua akasema alitaka kuniuliza. Alitaka kuniuliza tangu kiangazi. Wewe ndiye uliyemkataza. Akasema ulimketisha jikoni kwangu, mimi nikiwa nje nachuma maharagwe, ukamwambia, "Ardis ukimuuliza atakataa. Ukimfanyia atazoea."

Lowell hawezi kutunga maneno hayo, hana ubongo wa namna hiyo, na mimi nayajua. Ndiyo uliyoyasema wakati wa Mama, ulipotaka tumpeleke kwenye nyumba ya wazee tukimdanganya kwamba anakwenda kupimwa macho. Mama ukimuuliza atakataa, ulisema, ukimfanyia atazoea. Nilikukatalia, nikabaki naye mpaka mwisho, nikafikiri neno lile lilikutoka kwa uchovu. Nikakusamehe siku ileile. Kumbe hukuwa umechoka. Ndivyo unavyotuona. Mama ulimwona hivyo na mimi ukanisubiri nizeeke.

Lowell ni mwoga, na mwoga namjua, nimelala naye kitanda kimoja. Ataogopa baridi, ataogopa machozi, ataogopa hata kusema ukweli kwa mkewe. Nitamshughulikia. Lakini wewe hukuogopa chochote. Ulikuwa unanipokea simu kila Jumapili, mwanao yuko juu ya ngazi anapaka rangi jikoni mwa Mama, na unaniambia kila kitu kiko mahali pake. Kama Brent alikuwa hana pa kukaa si ungesema? Vyumba vya juu vitupu, mimi sina mtoto, yule ni mtoto wangu pia, siku yake ya kwanza ya shule nilimpeleka kwa mkono huu. Ningempa chumba, ningempa na funguo. Umekwenda kuiba kitu ambacho ungepewa, na ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia sawasawa. Nimeumia, mdogo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema na tunasema, na hatuangalii nguo.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana nakuandikia nikiwa hapa na si kule.

Asubuhi yake niliamka, nikachomoa umeme, nikachomoa bomba la maji safi na la maji machafu, nikamimina kila kitu, nikakunja turubai la kivuli. Lowell alikuwa amekaa barazani kwake na blanketi, anatazama kama anayetazama filamu. Nikamwambia kiti chake na nguo zake ziko pale kwenye mlimau. Kisha nikapanda, nikawasha. Shida ikawa moja: uso wa gari ulikuwa mtoni, lazima nipige rivasi kati ya mti na kigari cha Jeanette, na nyuma sioni kitu. Miaka yote mimi ndiye ninayesimama nyuma kupunga mikono na yeye ndiye anayenyonga usukani. Nikaanza kurudi polepole, natokwa jasho. Mara kwenye kioo cha pembeni nikamwona Lowell amesimama nyuma na pajama zake, anapunga. Kushoto, kushoto, nyoosha, njoo, njoo. Hakuweza kuvumilia kuona gari lake linagonga mti. Alinielekeza vizuri mpaka nikatokea barabarani, akainua mkono wa kunisimamisha kama nilivyokuwa nikimfanyia mimi, halafu mkono ukabaki juu. Nadhani ndipo alipogundua amenisaidia kumwacha. Nilimpigia honi moja. Jeanette atampa chakula, na kitanda cha wageni anacho.

Hivi nikuandikiavyo niko Dakota Kusini, kwenye uwanja wa maegesho wa duka, theluji inapiga kioo na nimevaa makoti mawili. Maji yote nimeyatoa kwenye mabomba yasigande, naoga kwenye vituo vya malori pamoja na madereva, wananiita bibi na wananipisha foleni. Gari linaendesheka. Si chochote mbele ya lori la ngano.

Wakili nimezungumza naye nikiwa njiani. Hati niliyoiandika mimi, mimi ndiye ninayeifuta, nyumba bado iko kwa jina langu, naye amekwisha kumjulisha dalali. Na Marlys nilimpigia tena. Sikumweleza mengi, nilimwambia tu kwamba huo mnada si wangu, na asikande unga. Akasema, "Ee. Basi sawa." Unaijua "basi sawa" ya Marlys. Kabla ya chakula cha jioni hakuna jiko Nordby lililokuwa halijapata habari. Na wewe unajua vizuri kama ninavyojua mimi kwamba kwetu mtu hanyanyui mkono kwenye mnada ambao mwenye mali hakuuridhia. Ungewaleta madalali kumi, wangeuzia upepo.

Ijumaa nitalala kwangu, Mungu akipenda na barabara ikiruhusu. Mwambie Brent apashe nyumba moto, kisha atoke. Asiogope, sitamfanya kitu, aje kunisalimia majira ya kuchipua nikiwa nimepoa. Rangi aliyopaka aiache. Vitu viondolewe namba, vyote, na sanduku la bibi lirudi chini ya dirisha.

Na wewe usije. Usije na bakuli la chakula cha moto, usije na machozi, usimtume mchungaji. Nakusihi kwa jina la Mama. Nimekwisha kujua jinsi itakavyokuwa: utasimama mlangoni na goti lako bovu, utaniita dada, na mimi nitakufungulia, kwa sababu nje kutakuwa na baridi na wewe ni mdogo wangu. Nitakukalisha, nitakumiminia kahawa. Na wewe utarudi kwako unajiambia, unaona, amezoea.

Nisalimie Marlys na kamati nzima ya pai. Wasalimie majirani wa barabara yetu, na mbwa wa Aasen yule mzee kama bado yu hai. Goti lako ulichunge, usitembee kwenye barafu bila fimbo.

Ni mimi,
Ardis, mwenye nyumba